Mafungu Arobaini

Msomi wa mirathi alifika Ndau kwa boti ya asubuhi
na daftari la mistari, na kalamu mbili, moja haiandiki.
Akavua viatu, akakaa ukumbini, akauliza:
Marehemu Famau ameacha nini?

Tukaleta.

Nyumba ya mawe, vyumba viwili, boriti moja imeliwa na mchwa.
Mashine ya boti, nguvu za farasi kumi na tano,
nusu yake ya Bwanaheri wa Kizingitini,
na hakuna aliyejua ni nusu ipi.
Madema tisa. La kumi liko chini baharini,
kama lingali dema.
Friji nyeupe tuliyotunzia nyavu,
maana umeme hututajia jina kila uchaguzi, kisha hupita mbali.
Zamu ya jabia: ndoo nne kila Jumatatu.
Ukurasa mzima wa deni kwa tajiri wa kamba.
Deni nalo ni mali, alisema msomi, ila ya mwenzako.

Na minazi mitano katika shamba lisilo letu.

Hapo akainua kichwa.
Mti wenu, ardhi ya mwingine?
Mama akajibu nyuma ya pazia:
Ndivyo. Kivuli ni cha nani, hatujagombana bado.

Akahesabu, midomo ikimcheza.
Mke, thumuni. Mwana wa kiume, mara mbili ya binti.
Basi mali yote ni mafungu arobaini:
mama matano,
Shekuwe kumi na manne, Athmani kumi na manne,
mimi saba.
Nikakunja vidole saba. Nikabaki natazama vile vitatu.

Haya, kata friji mafungu arobaini.

Shekuwe alitaka mashine. Athmani alitaka nyumba,
kwa kuwa kuna mtu wa Malindi ananunua ufuo kwa hatua
na hulipa kabla hati haijazaliwa.
Walizozana mpaka chai ikafanya utando.
Mama akasema: Mimi nipeni mnazi ule uliopinda.

Ule? Haujazaa tangu Athmani anyolewe nywele za utoto.

Msomi akaandika: mnazi mmoja, mkongwe, thamani hakuna.
Akamwuliza mara tatu kama ameridhika.
Kaka zangu walicheka,
lakini kwa adabu, wakitazama mkeka.

Mwaka haukwisha, mwenye shamba akauza.
Vijana wakaja na mapanga na msumeno wa petroli.
Mama akatoka na karatasi ya msomi, imekunjwa mara nane.
Wakaisoma kwa zamu, yule wa mwisho akiwa ameishika juu chini.
Wakaangusha minne. Wa mama wakauacha,
umeinama peke yake kama mtu aliyedondosha sindano.

Na kaka zangu huko nje wanazunguka,
mashine inakunywa, madema yanapanda na mwani.
Kamba watatu kwa wiki, wadogo, wa kurudishwa.
Baba alikuwa na mwamba wake. Hakuupa jina
wala hakumpeleka mtu.
Mwaka wa homa, alipodhani anakufa, alimwambia mama.
Hakufa. Na neno likishatoka halimezwi tena.

Juzi Shekuwe alikuja na sukari kilo mbili.
Akakaa. Akasifu chai. Akasifu hata kikombe.
Mama alimwuliza habari za watoto, mmoja mmoja,
mpaka akakumbuka ana safari.

Usiku akanivuta karibu, ananuka karafuu na dawa ya kifua.
Mnazi uliopinda ukikaa juu ya kuba la msikiti, alisema,
na jiwe jeusi likachungulia nyuma ya mikoko,
hapo. Pima saba. Usihesabu kwa sauti.

Mimi sijui kuogelea.
Lakini sasa, nikipepeta mchele, nikisubiri ndoo zetu Jumatatu,
najua fungu langu liko wapi:
liko gizani, chini ya maji, halina hati,
linatembea kwa miguu kumi.